Ukuta Nilioupaka Nyuma ya Bafu

Ninyi mnaoshika brashi siku hizi mmebahatika na hamjui. Mashine dukani inawachanganyia rangi, mteja anawekewa kadi yenye rangi chungu nzima, anagusa moja kwa kidole, basi. Sisi tulichanganya kwa jicho, ndani ya debe, tukikoroga kwa ufito. Mama mmoja wa Donholm aliwahi kuniambia anataka sebule ya rangi ya chai ya maziwa. Nikakoroga nikapaka kuta tatu. Aliporudi kutoka sokoni alisimama mlangoni na kikapu chake, akaangalia muda mrefu.

"Fundi," akasema, "hii ni strungi. Maziwa iko wapi?"

Nikarudia kuta zote tatu. Tangu siku hiyo mteja akitaja rangi ya chai namwomba kwanza anipikie kikombe, nione kwake chai ni chai gani. Nimekunywa chai nyingi kwa njia hiyo.

Nimepaka nyumba Eastlands hii zaidi ya miaka thelathini. Sasa magoti yamekataa ngazi, nakaa mtaani Lucky Summer naota jua, na vijana wakipita kuniuliza mambo ya kazi huwapa hadithi za strungi. Wanacheka, wanaenda zao. Ipo moja ambayo sijawahi kumpa mtu. Ni ya ukuta, na ni ya tumbo la dada yangu Rasoa, na najua mtauliza vitu viwili hivyo vinakutana wapi. Vilikutana kwangu.

Kwanza niwaambie nilivyofundishwa, ili mjue kwamba sikukosea kwa kutojua.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kamau, mtu mfupi mwenye mdomo wa pilipili. Kabla ya kufungua mkebe wowote alikuwa anaenda kwenye ukuta na kuuwekea shavu. Anafumba macho. Wapita njia walidhani anasali. Shavu, alisema, linajua baridi ya maji kuliko kiganja, kwa sababu kiganja cha fundi kimekufa siku nyingi. Akiwa na shaka alikata kipande cha nailoni, kama cha ukubwa wa sahani, akakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, akakiacha mpaka kesho yake. Ukirudi ukute matone yamejipanga nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, jua maji yako ndani. Hapo Mzee Kamau alikuwa anafunga mkoba wake. "Ukuta wa maji haupakwi," alisema. "Unangojwa." Unatafuta bomba linalovuja, au paa, au bafu la jirani, unamwita fundi wa maji, kisha unangoja ukuta ukauke hata kama ni mwezi. Ndipo unakwangua ukungu, unausugua kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, madirisha wazi na kitambaa puani, na unapaka.

Zamani makosa yetu yalikuwa yanasamehewa, kwa sababu tulipaka chokaa. Chokaa inapumua. Maji yakiingia yanatoka, na ukungu hauipendi, inauchoma. Ni chafu kwa nguo, ukiegemea unaondoka na mgongo mweupe, lakini haidanganyi. Kisha zikaja rangi hizi za kung'aa, unazipangusa kwa kitambaa, wenye nyumba wakazipenda. Hizo ukizipaka juu ya maji umeyafungia ndani. Juu panametameta, chini panaoza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi watu wa rangi tulijiongezea njia ya tatu: paka tu.

Ploti yenyewe, jengo la vyumba vya kupangisha, iko Kayole. Chumba ni cha chini, mlango wa tatu ukihesabu kutoka ngazini, na ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa bafu la wapangaji wote wa chini. Watu wanaoga upande ule kuanzia alfajiri. Maji yalikuwa yamepenya lipu, na upande wa chumbani ukungu ulikuwa umepanda mpaka kifuani kwangu, mweusi, na harufu kama ya gunia la viazi lililosahaulika.

Nilibandika nailoni. Kesho yake matone yalikuwa yamejaa. Nikamwambia mwenye ploti kwamba bafu linavuja, lipu ya upande ule ivunjwe, halafu tungoje. Alikuwa amevaa suti, akaniangalia kama mtoto anayeomba peremende.

"Fundi, watu wanakuja kuona nyumba Ijumaa. Hiyo kungoja kwako ungojee kwako."

Alikuwa na ploti nyingine nne, zote nazipaka mimi. Nikakwangua, nikasugua, nikaweka rangi ya mafuta chini na mikono miwili ya krimu juu, tabaka juu ya tabaka. Ilikuwa Januari, jua linawaka, kila kitu kilikauka haraka. Ijumaa chumba kilikuwa kinang'aa. Nilijua kitakachotokea mvua ikija. Nataka mlisikie neno hilo vizuri, nilijua, kwa sababu baadaye nilijaribu sana kujiambia kwamba nilishuku tu.

Wale wa Ijumaa hawakukichukua. Aliyekichukua ni Rasoa.

Rasoa ni kifungua mimba kwetu. Nilipotoka Vihiga sina hata koti, yeye ndiye aliyenipokea, akanigawia nusu ya chumba chake kwa pazia. Alikuwa anapika chapati za kuuza, na kwa mwaka mzima nilikula zile zilizopasuka au kuungua. Brashi yangu ya kwanza, ya inchi nne, ni yeye aliyeninunulia, akaniletea imefungwa kwenye gazeti kama nyama. Kufikia wakati ninaousimulia alikuwa na kibanda chake Kayole karibu na geti la shule, chapati na maharagwe, na walimu walikuwa wanatuma watu kuwashikia za saa nne kabla hazijaisha. Alitaka chumba karibu na kibanda, apunguze kutembea na beseni la unga.

"Jothamu," akaniuliza, "ile nyumba ya huyo mtu wako, iko poa?"

"Nimeipaka mwenyewe," nikasema.

"Basi iko poa."

Sikusema uongo. Angalieni sentensi ile, kila neno lake ni kweli. Kumwambia ukweli mwingine kungekuwa kujishtaki mwenyewe, na kungefika kwa mwenye ploti kesho yake, na zile ploti nne zingeenda kwa fundi mwingine. Nikamsaidia kuhama. Kabati lake kubwa la mbao nililibeba mimi mwenyewe mpaka ukuta ule wa nyuma, nikaliegemeza pale pale.

Mvua za masika zilipoanza, Rasoa alianza mafua. Hayakuisha. Asubuhi macho yamevimba, pua inatiririka, mchana akiwa kibandani yanapungua, jioni akirudi ndani yanaanza upya. Mtu wa chapati hawezi kuwa na pua inayotiririka mbele ya wateja. Akaenda duka la dawa akapewa vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua, akaona vinamkausha, akaanza kuvimeza kila siku, vitatu, miezi na miezi.

Kisha tumbo likakataa. Kwetu dada hamwambii kaka mambo ya choo, kwa hiyo nilichukua muda kuelewa. Alikuwa anasema tu "tumbo imekataa," na kugeuza uso. Mke wangu ndiye aliyenieleza: siku nne bila choo, siku tano, mara nyingine wiki. Alikuwa amejaribu mapapai, maji moto asubuhi, mafuta ya nyonyo, sukuma wiki mpaka akaichukia. Na choo cha ploti mnakijua, ukikaa sana jirani anagonga na ndoo. Yule mwanamke aliyekuwa anaimba akisukuma chapati akawa mtu wa kukaa kwenye stuli, mkono tumboni.

Wakati huo nilipata kazi ya kupaka kliniki ndogo Donholm. Daktari wake alikuwa mama wa makamo, mtulivu. Alisomea udaktari wa kawaida, kisha akaongeza elimu ya hii tiba wanayosema inatafuta chanzo. Nilikuwa napaka korido nikimsikia akiwauliza wagonjwa vitu ambavyo sikuwahi kusikia daktari akiuliza. Unalala saa ngapi. Unapikia nini, makaa au gesi. Kazini unavuta hewa gani. Dawa gani unameza ambayo hukuandikiwa. Nikajiambia, huyu ni Mzee Kamau mwenye koti jeupe, anaweka shavu ukutani kwanza. Nikamwambia Rasoa aje.

Alikuja amevaa nguo ya kanisani. Aliogopa, akaomba nikae naye, na daktari akakubali. Nilikaa kiti cha pembeni, brashi mkononi, nimeifunga nailoni isikauke. Daktari alimpima, akamuuliza kama ameona damu, akampeleka kutolewa damu ya kupima ile tezi ya shingoni, na siku majibu yaliporudi masafi akatuita tena. Siku hiyo ndiyo ninayoikumbuka. Alichora mstari mrefu kwenye karatasi. Mwanzo wa mstari ni Rasoa kuzaliwa, mwisho ni leo. Wakawa wanaujaza pamoja: malaria ya utotoni, watoto, kufiwa na mume, kibanda.

"Na hapa?" daktari akauliza.

"Hapa nilihamia kwa hii nyumba niko sasa."

"Na homa ya pua ilianza lini?"

"Si mbali na hapo. Mvua ya kwanza."

"Na hivi vidonge unameza kila siku?"

"Bila hiyo siwezi pika, daktari. Nitaaibika."

Daktari akamweleza polepole. Vidonge vile vinakausha pua, lakini havijui kuchagua, na matumbo nayo vinayafanya mazito na mavivu. "Nikikupa dawa ya choo leo, utaenda choo leo," akasema. "Nitakupa. Lakini mimi nataka kujua pua inalilia nini, ndiyo uache vidonge." Kalamu yake ikarudi nyuma kwenye mstari, ikasimama mahali pale pa kuhama. "Kuna madaktari wanaona ukungu wa nyumba unaweza kusumbua hata tumbo lenyewe. Hilo bado tunabishana. Lakini kusumbua pua, hapo hatubishani. Mama, kwako kuna unyevu? Ukuta uko na ukungu?"

Rasoa aliniangalia. Ilikuwa mara moja tu, akarudisha macho mezani.

"Hapana daktari. Nyumba ni safi. Huyu ndugu yangu ameipaka mwenyewe."

Daktari akanigeukia akitabasamu. Alikuwa ameridhika na korido yangu, na siku ile ile asubuhi alikuwa amesema atanipa pia vyumba vya juu. "Kama ni huyu fundi," akasema, "basi nyumba tuiache." Alikuwa ameandika neno nyumba kwenye karatasi. Akalipigia mstari, akalifuta.

Nilikuwa na nafasi. Hata kuwahesabia sekunde hakuna haja, ilikuwa nafasi ya pumzi moja. Nikaangalia brashi yangu.

Kama si nyumba, ikabidi kitafutwe kitu kingine kwenye mstari, na kilichokuwa karibu ni kibanda. Unga. Vumbi la unga linaingia puani tangu alfajiri, na chapati yenyewe inaingia tumboni. Daktari hakukosea, alifuata mlango uliobaki wazi baada ya mimi kuufunga ule mwingine. Akamwomba Rasoa ajaribu kukaa bila unga kwa muda, asiukande, asiule, waone. Rasoa ni mtu wa kutii. Alifunga kibanda wiki ile.

Mwezi wa kwanza pua haikukauka. Mwezi wa pili vilevile. Hata ilizidi, kwa sababu sasa alikuwa anashinda ndani, na vidonge vikaendelea, na tumbo likaendelea. Wateja hawangoji. Mama mwingine akaweka jiko lake pale getini, naye ni mpishi mzuri, simlaumu. Walimu wakazoea mkono wake. Siku moja nilimpitia Rasoa saa nne asubuhi, saa yake ya kazi, nikamkuta amekaa kitandani akikunja na kukunjua kitambaa chake cha kufunikia chapati. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimeshiba na nikaondoka haraka.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi ya mtu mwingine, na yalikuwa yanamla yeye.

Nilienda Jumapili moja baada ya ibada, na kikwangulio mfukoni na kipande cha nailoni, nimejiambia leo nitasema. Nilipofika nikashindwa kuanza, nikaanza na kazi. Nikamwambia nataka kuangalia nyuma ya kabati.

"Wacha hiyo kabati, Jothamu."

"Naangalia tu."

"Nimesema wacha. Kaa ukunywe chai."

Sikukaa. Nikalivuta. Nyuma yake kulikuwa na leso mbili za kujifunga zimepigiliwa misumari juu, zimefunika ukuta wote, na chini ya leso kalenda za zamani za kanisa zimebandikwa moja juu ya nyingine. Nikazifunua. Rangi yangu ya krimu ilikuwa imefura na kupasuka, na nyuma yake ukungu mweusi umejaa, umepanda kupita kichwa. Chini sakafuni kulikuwa na ndoo ndogo na kitambaa, na harufu ya ile dawa ya nguo nyeupe.

"Unajua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua ya kwanza. Napangusa kila Jumamosi. Inarudi."

"Sasa daktari akikuuliza, mbona ulisema hakuna?"

Alikuwa anakoroga chai. Hakuacha kukoroga.

"Ulikuwa umekaa hapo na brashi. Mama wa watu alikuwa anakupea vyumba za juu. Ningesema aje, ati ndugu yangu ndiye alipaka ukungu?" Akanisogezea kikombe. "Nilidhani ni kitu ulikosea. Mtu hukosea. Sikutaka uaibike."

Nikamwambia sikukosea. Nikamwambia kuhusu nailoni na matone, kuhusu Ijumaa, kuhusu zile ploti nne. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kati ya kabati na ukuta, kwa sababu sikuona mahali pa kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe wewe ulijua kabla nihamie," akasema.

"Ndiyo."

Hakulia wala hakunitukana. Alichukua kile kikombe alichonisogezea, akakirudisha upande wake wa meza, na hiyo ndiyo adhabu pekee aliyowahi kunipa. Nimeshawahi kuanguka kutoka ngazi ya ghorofa ya pili nikavunjika mguu. Afadhali ule mguu.

Tulimhamisha wiki ile ile, chumba cha juu, ploti nyingine, madirisha mawili na jua la asubuhi. Kuta nilizipima zote kwa shavu na nailoni huku mwenye ploti ile akidhani nina wazimu. Baada ya wiki chache pua ilikauka. Vidonge vikapungua, vikaisha, na mke wangu akaniambia, akicheka kidogo, kwamba mambo mengine nayo yamefunguka. Mimi si daktari na sitawaambia kwamba ukungu ndio uliofunga choo cha dada yangu. Ninachojua ni kwamba ukungu ulileta mafua, mafua yakaleta vidonge, na vidonge vikafunga tumbo, na juu ya huo mlolongo wote nilikuwa nimepaka mikono miwili ya krimu. Tulirudi kwa daktari tukamweleza. Akatafuta karatasi ile kwenye faili, akaitazama. "Fundi," akasema, "nyumba niliifuta kwa sababu yako." Vyumba vya juu alimpa mtu mwingine, na alifanya haki.

Kibanda hakikurudi. Rasoa alijaribu sehemu nyingine miezi michache, lakini jina la chapati halihami na mpishi, linabaki getini. Sasa yuko Vihiga. Nyumba yake kule nimeipaka chokaa. Nikienda ananipikia chapati, ananipa zile nzuri, zisizopasuka, na huwaambia majirani nikiwa nimekaa pale kwamba ndugu yake ni fundi wa Nairobi. Nimemwomba aache kusema hivyo. Haachi.

Baada ya Rasoa kutoka, mwenye ploti aliniita tena. Safari hii nilikataa, na ploti zote tano zikaniponyoka, na nililala vizuri, nikadhani nimemaliza deni langu na ukuta ule. Lakini chumba hakikubaki wazi. Kilipakwa siku mbili tu baadaye, na kila mpangaji akitoka kinapakwa tena; mara ya mwisho ni juzijuzi hapa, krimu ile ile, kwa mkono wa fundi kijana. Sijui ni nani kati yenu na simtafuti. Anajijua. Mlango wa tatu ukihesabu kutoka ngazini, ukuta wa nyuma ni bafu. Sasa amehamia mama mmoja na mtoto mchanga, na mvua zimeanza.

Nenda ukabishe. Mwambie ni wewe uliyepaka, na mwambie kilicho chini. Ukiona haya niite twende wote, maana mimi nimepita mlangoni pale mara mbili tangu wahamie, nikasikia mtoto akikohoa, na mara zote mbili nikaendelea kutembea.